Wajibu wa Chama Hauanzi Mahakamani

Tarehe 22 Januari 2011 mahakama ya mwisho ya rufani nchini Italia ilithibitisha kifungo cha miaka saba kwa Salvatore Cuffaro, daktari na mwanasiasa aliyekuwa rais wa Jimbo la Sicilia kuanzia 2001 hadi 2008. Hakukimbia. Siku ileile alijipeleka mwenyewe katika gereza la Rebibbia mjini Roma. Makosa yaliyomtia ndani ni kuwasaidia watu wa Mafia na kuvujisha siri za upelelezi. Mahakama ilimaliza sehemu yake. Tunaloandika leo linawahusu wengine, ambao hawakupanda kizimbani na ambao hakuna kifungu cha sheria walichokivunja: viongozi wa chama waliompa tiketi mwaka 2006 akiwa mshtakiwa, wakampa nyingine mwaka 2008 akiwa amekwishatiwa hatiani na mahakama ya kwanza.

Kesi hii inastahili kusimuliwa kwa utaratibu, maana ikitajwa juujuu husikika kama hadithi ya filamu, watu wenye bunduki na miwani ya giza. Haikuwa hivyo. Ilikuwa kesi ya madaktari, zahanati, orodha za bei na vyeo vya hospitali.

Wapelelezi wa Palermo walikuwa wameficha kinasa sauti nyumbani kwa Giuseppe Guttadauro, daktari wa upasuaji ambaye pia alikuwa kiongozi wa Mafia katika mtaa wa Brancaccio. Kilichonaswa humo kilikuwa siasa tupu: nani agombee, nani aungwe mkono, nani apewe ukuu wa idara katika hospitali ipi. Wageni walikuja, wakakaa, wakajadili uchaguzi mbele ya bosi wa Mafia kama wazee wa mji wanavyojadili harusi. Juni 2001, mwezi uleule Sicilia ilipopiga kura na Cuffaro kushinda urais wa jimbo, kinasa sauti hicho kiligunduliwa na mwenye nyumba. Serikali ikapoteza sikio lake mahali pale pale ilipolihitaji. Mahakama iliridhika kwamba habari zilitoka kwa Cuffaro, zikapita kwa Domenico Miceli, daktari mwenzake na mwanasiasa wa Palermo, hadi zikamfikia bosi.

Mkondo wa pili ulipita Bagheria, mji mdogo kando ya Palermo. Huko Michele Aiello, mkandarasi aliyegeuka tajiri wa afya, aliendesha kliniki binafsi ya matibabu ya saratani yenye mitambo ya kisasa, na malipo yake yalitoka kwenye hazina ya jimbo. Wapelelezi walimwona kuwa mtu wa Bernardo Provenzano, bosi mkuu wa Mafia aliyekuwa mafichoni tangu 1963. Aiello alikuwa na masikio yake ndani ya serikali: askari mmoja wa Carabinieri aliyekuwa fundi wa kutega vinasa sauti, na askari wa polisi wa fedha aliyekuwa akifanya kazi katika ofisi yenyewe ya waendesha mashtaka. Wote wawili walihukumiwa. Aiello naye alifungwa miaka mingi kuliko Cuffaro.

Mwaka 2003, wakati uchunguzi ulipokwisha kujulikana hadharani, rais wa jimbo alikutana na Aiello huyo. Hawakukutana katika ofisi za Palazzo d'Orléans, mbele ya katibu wa kuandika kumbukumbu na ofisa wa wizara mwenye jalada mkononi. Walikutana chumba cha nyuma cha duka la nguo mjini Bagheria, na miongoni mwa waliyozungumza ni viwango ambavyo jimbo lingelipa kwa matibabu. Siku chache baadaye, Novemba 2003, Aiello akakamatwa. Tunawaomba wasomaji watafakari chumba hicho kidogo kwa muda, kati ya mashati na suruali za kuuza. Bei ya dawa ya mgonjwa wa saratani ni jambo la umma kuliko mengi. Kiongozi anayelipeleka nyuma ya duka la nguo amekwishasema anachokifikiri kuhusu ofisi aliyopewa, hata kabla ya hakimu kusoma ukurasa wa kwanza wa mashtaka.

Kuna jambo jingine la mwaka huohuo wa 2003 ambalo peke yake lingetosha kuangusha serikali mahali penye haya. Provenzano, mtu aliyekuwa akitafutwa kuliko wote Italia, alisafiri hadi kusini mwa Ufaransa, karibu na Marseille, akafanyiwa upasuaji wa tezi dume kwa jina la mtu mwingine, akarudi mafichoni. Gharama zikalipwa na huduma ya afya ya Sicilia. Karatasi zilijazwa, mihuri ikagongwa, fedha zikatoka. Hatusemi kwamba Cuffaro aliidhinisha malipo hayo, na hatuna sababu ya kumwekea kila dhambi ya kisiwa kile. Tunasema kwamba mfumo wa afya aliokuwa akiusimamia ulikuwa umezoeana na wahalifu kiasi kwamba mkimbizi wa miaka arobaini aliweza kudai marejesho ya gharama zake kama mwalimu mstaafu.

Uhalifu uliopangwa hauishi porini. Hukaa penye zabuni, penye ajira, penye leseni, na zaidi ya yote penye bajeti ya afya, kwa kuwa hapo fedha hazikauki na mgonjwa hawezi kusubiri. Sicilia ina mamlaka yake ya ndani tangu 1946, na bunge lake linakaa katika kasri la kale la wafalme wa Norman mjini Palermo. Mamlaka hayo yalitolewa ili watu wa kisiwa wajiamulie mambo yao. Yalipoangukia katika mikono isiyouliza maswali, yakawa hazina iliyo karibu, ambayo bosi wa mtaa aliweza kuifikia kupitia kwa rafiki wa rafiki bila kusumbuka kwenda Roma.

Na isisemwe kwamba kiti hicho hakikuwahi kukaliwa na mtu wa aina nyingine. Mwishoni mwa miaka ya 1970 rais wa jimbo alikuwa Piersanti Mattarella, wa chama kilekile cha Democrazia Cristiana ambamo Cuffaro alikulia kisiasa. Mattarella aliagiza ukaguzi wa zabuni za ujenzi wa shule mjini Palermo, zilizokuwa zimeangukia mikononi mwa kampuni zenye harufu ya Mafia. Tarehe 6 Januari 1980, akiwa kwenye gari pamoja na familia yake wakielekea misa, alipigwa risasi akafa. Mdogo wake Sergio, aliyekimbilia kumpakata, ndiye rais wa Italia tangu 2015. Kiti kimoja, chama kimoja. Mmoja aliuawa kwa kukagua mikataba, mwingine akafungwa kwa kuwasaidia waliostahili kukaguliwa. Anayetuambia kwamba Sicilia ndivyo ilivyo, kwamba kule huwezi kutawala bila kufumba macho, anamtukana Mattarella kaburini.

Cuffaro hakuwa mjinga wa maneno. Zama za urais wake kuta za Sicilia zilibandikwa mabango ya serikali ya jimbo yenye kutangaza kwamba Mafia ni kitu cha kuchukiza. Fedha za umma zililipia mabango hayo huku rais mwenyewe akijibu mashtaka ya kuwasaidia wanaochukiza. Miaka kumi kabla ya kushika urais, Septemba 1991, katika kipindi cha televisheni kilichomkumbuka Libero Grassi, mfanyabiashara aliyeuawa mwezi uliotangulia kwa kukataa kulipa kodi ya ulinzi ya Mafia, Cuffaro alisimama kati ya watazamaji akawashambulia waandishi wa habari kwa ukali, akidai wanaichafua Sicilia. Giovanni Falcone, jaji aliyepambana na Mafia, alikuwa studio akisikiliza. Miezi minane baadaye, Mei 1992, Falcone aliuawa kwa bomu barabarani. Hatufungi uzi kati ya hotuba ile na bomu lile, haupo. Lakini chama kilichomwona kijana wake akiigeuza hasira ya mji dhidi ya wauaji kuwa hasira dhidi ya wanaoandika habari za wauaji, kilipata onyo la mapema, na badala ya kumweka kando kikampandisha ngazi.

Sasa tuje kwa 2006, mwaka unaotukera kuliko yote. Tarehe 11 Aprili polisi walimkamata Provenzano katika banda la shamba karibu na Corleone. Mwezi uliofuata Sicilia ilichagua rais. Upande mmoja alisimama Cuffaro, mshtakiwa katika kesi iliyokuwa ikisikilizwa Palermo. Upande mwingine alisimama Rita Borsellino, mfamasia, dada wa jaji Paolo Borsellino aliyeuawa kwa bomu Julai 1992. Wapiga kura hawakudanganywa. Magazeti yalikuwa yameandika yote: kliniki, duka la nguo, kinasa sauti. Cuffaro akapata zaidi ya nusu ya kura, Rita Borsellino kama mbili kwa tano.

Tusiwaonee wapiga kura. Mtu aliyepata kibarua cha miezi michache kwa barua ya mheshimiwa, aliyelazwa mama yake haraka kwa simu moja, aliyebusiwa mashavuni sokoni na rais wa jimbo anayelikumbuka jina lake, hana uhuru ule ule wa kura alio nao profesa wa chuo kikuu. Cuffaro alisifika kwa kuwabusu watu wote, na sifa hiyo ilikuwa mtaji. Ndiyo maana wajibu wa kwanza hauko kwa mpiga kura. Uko kwa wale waliomletea karatasi yenye jina hilo. Mpiga kura huchagua kati ya alivyopikiwa. Mpishi alikuwa chama cha UDC cha Pier Ferdinando Casini, mtu aliyekuwa spika wa Baraza la Wawakilishi la Italia hadi mwaka huohuo wa 2006, yaani mtu aliyeijua dola kwa ndani na aliyekuwa na kila nyenzo ya kujua alichokuwa akikidhamini.

Utetezi wao ulikuwa mmoja, na bado unasikika kila nchi: mtu hana hatia hadi mahakama itamke, na itamke kwa mara ya mwisho. Kanuni hiyo ni takatifu, nasi tutaitetea hata kwa adui. Ila imewekwa kumlinda raia dhidi ya gereza. Haikuwekwa kumlinda mwanasiasa dhidi ya kukosa tiketi. Hakuna mtu anayezaliwa na haki ya kuwa mgombea wa chama fulani. Benki haimngojei jaji ili iache kumpa mtunza fedha wake funguo za sanduku pale hesabu zinapogoma. Mkuu wa shule hangoji rufaa ya tatu ili amwondoe darasani mwalimu anayetiliwa shaka. Siasa peke yake ndiyo iliyojitungia sheria kwamba doa lolote ni weupe mpaka mahakama iseme ni doa.

Paolo Borsellino alililalamikia hili mbele ya wanafunzi wa Bassano del Grappa, Januari 1989. Hoja yake ilikuwa kwamba hakimu anaweza kukosa ushahidi wa kumfunga mtu, na ni sawa amwachie, lakini yaliyodhihirika katika kesi kuhusu ukaribu wa mtu huyo na Mafia hayayeyuki kwa sababu hayakutosha kumfunga. Vyama na mabaraza, alieleza, vina wajibu wao wa kuchukua hatua juu ya yaleyale, kwa vipimo vyao wenyewe, na vikijificha nyuma ya hukumu vinakuwa vimeukimbia. Miaka mitatu na nusu baadaye akauawa. Vyama vikamtundikia picha ukutani, vikaendelea kujificha.

Mtu atauliza, je, rais wa jimbo anayesalimiana na maelfu atajuaje nani ni Mafia? Swali la haki, na lina uzito katika mji kama Palermo, ambako daktari wa upasuaji anaweza kuwa bosi na bosi anaweza kuwa mzazi wa mwanafunzi mwenzake mwanao. Lakini halimhusu Cuffaro. Hukumu haikumtia hatiani kwa kusalimiana. Ilimtia hatiani kwa kupeleka habari za upelelezi kwa watu waliokuwa wakipelelezwa. Huwezi kumwonya mtu kwamba polisi wanamsikiliza bila kujua kwa nini polisi wanamsikiliza.

Tarehe 18 Januari 2008 mahakama ya kwanza ikampa miaka mitano na kumzuia kushika nyadhifa za umma, lakini ikakataa kwa wakati huo kwamba alikusudia kulisaidia genge lenyewe. Kesho yake akapigwa picha ofisini na sinia la cannoli, vitamu vya Sicilia vilivyojazwa jibini laini. Alisema aliletewa tu, hakuwa akisherehekea. Italia nzima ikachukizwa, na kabla mwezi haujaisha akajiuzulu. Tunaona watu walikosea mahali pa kukasirikia. Sinia lile lilikuwa utovu wa adabu. Aibu yenyewe ilikuja Aprili, chama kilipomweka kwenye orodha yake ya Seneti, naye akaingia Roma kama mtunga sheria wa nchi. Walioandika orodha ile hawakuwa na kisingizio hata kimoja kilichobaki. Mahakama waliyosema wanaingojea ilikuwa imekwisha kutamka, nao wakasogeza goli hadi rufani. Rufani ya Januari 2010 ilipopandisha kifungo hadi miaka saba na kukubali kwamba Mafia yenyewe ndiyo iliyonufaika, wakasogeza goli tena. Seneta alibaki seneta.

Italia haikosi sheria. Kosa la kujiunga na genge la aina ya Mafia liliingia katika kanuni za jinai mwaka 1982, miezi michache baada ya mbunge Pio La Torre, aliyelipigania, kuuawa pamoja na dereva wake, na siku chache tu baada ya Jenerali Dalla Chiesa, aliyetumwa kupambana na Mafia, kuuawa Palermo. Biashara ya kura kati ya mgombea na Mafia ilipewa kifungu chake mwaka 1992, mwaka wa mabomu. Tangu 1991 serikali inaweza kuvunja baraza la mji lililopenyezwa na magenge, bila kungoja mtu yeyote afungwe, na imefanya hivyo mamia ya mara. Oktoba 2012 ilivunja baraza la Reggio Calabria, mji mkuu wa wilaya. Mwaka huohuo sheria nyingine ikawazuia kugombea wenye hukumu za mwisho za makosa mazito. Angalia tarehe hizo. Karibu kila kifungu kilipigiwa kura baada ya jeneza. Na hakuna hata kimoja kati ya hivyo kinachomlazimisha katibu wa chama kuwa na aibu, kwa kuwa aibu haitungiwi sheria.

Cuffaro alitoka gerezani Desemba 2015. Alikitumikia kifungo chake bila kelele, na hata wapinzani wake walikiri hivyo. Kisha alikwenda Burundi kujitolea kama daktari katika hospitali ambayo Sicilia ilikuwa imesaidia kuijenga, na wagonjwa waliohudumiwa huko hawana sababu ya kuuliza habari za Bagheria. Aliyelipa deni lake kwa jamii aachwe aishi, afanye kazi, aheshimiwe kama mtu. Lakini mwaka 2020 alirudi kwenye siasa akafufua jina la Democrazia Cristiana, na katika uchaguzi wa 2022 chama hicho kipya kikapata viti vitano katika bunge la Sicilia na nafasi katika serikali ya jimbo. Waliopanga foleni kuomba kura zake hawakuwa wahalifu. Walikuwa wanasiasa wa kawaida wanaojua hesabu. Novemba 2025 waendesha mashtaka wa Palermo wakalitaja tena jina lake, safari hii katika uchunguzi wa rushwa katika zabuni na ajira, za afya zikiwemo. Uchunguzi si hukumu, na kwa hilo ana kinga yote ya mtuhumiwa. Washirika wake wa 2022 hawana kinga ya aina hiyo.

Kwa nini gazeti la Kiswahili lihangaike na kisiwa cha Mediterania? Kwa sababu tumejenga vyumba vilevile. Kenya ina kaunti 47, na tangu 2013 afya iko mikononi mwa magavana: ajira za wauguzi, ununuzi wa dawa, mitambo ya hospitali. Ni hazina iliyo karibu, kama ya Palermo. Sura ya Sita ya Katiba ya 2010 inadai uadilifu kwa kiongozi, lakini Ibara ya 99 inasema mtu hazuiwi kugombea ubunge kwa sababu ya kifungo mpaka kila njia ya rufani iishe, na vyama vimeifanya ibara hiyo blanketi la kujifunika. Julai 2019 Jaji Mumbi Ngugi wa Mahakama Kuu alionyesha kwamba inawezekana kufikiri vingine, alipoamua kwamba gavana aliyeshtakiwa kwa ufisadi asikanyage ofisi ileile anayotuhumiwa kuipora. Tanzania ina Sheria ya Maadili ya Viongozi wa Umma tangu 1995, na fomu za mali hujazwa. Ni nadra mno chama kusimama hadharani kikasema kimemkata mtu kwa sababu ya marafiki zake. Na Oktoba 2018 ilibidi ndugu wawili wa familia ya Akasha ya Mombasa wakiri mbele ya mahakama ya New York kwamba walisafirisha dawa za kulevya na kuhonga maofisa nchini Kenya, ndipo jambo ambalo mji mzima ulilinong'ona kwa miaka likawa rekodi. Mahakama ya ugenini ilifanya kazi yake. Mabaraza, vyama na kamati za uteuzi za nyumbani zilikuwa wapi miaka yote hiyo?

Uchaguzi mkuu ujao wa Kenya ni Agosti 2027. Kabla ya hapo kila chama kitaketi kupitisha majina ya wagombea ugavana. Tunawataka makatibu wakuu na bodi za uchaguzi za vyama wachapishe, kwa kila jina, nani amelidhamini, nani amechangia fedha za kampeni na kwa kiasi gani, na kesi au uchunguzi wowote ulio wazi dhidi ya mgombea na washirika wake wa biashara. Wakisema sheria haiwalazimishi, watakuwa wanasema kweli. Sheria haikumlazimisha Casini pia.